Kwa nini trekta hupiga kelele baada ya kubadilishiwa klachi

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja kutoka upande wa Lungalunga aliingia katika karakana yetu hapa Changamwe, akaketi kwenye benchi la wateja bila kuvua kofia, akasema mbele ya kila aliyekuwapo kwamba tulimwekea klachi pleti feki. Trekta lake, Massey Ferguson 290, tulilibadilishia klachi kabla ya msimu wa kulima, na kwa wiki tano lilifanya kazi bila tatizo lolote. Kisha likaanza kulia. "Fundi," akaniambia, "nilikulipa pesa yako yote siku moja, sikukukopa hata shilingi, na leo majirani wananiuliza kama nina trekta au nina kinu cha kusaga." Nilimwambia, "Mzee wangu, una haki ya kukasirika, lakini tutoke kwanza tukalisikilize." Tukatoka.

Naandika makala haya kwa sababu mzee huyo si wa kwanza kuja na malalamiko hayo. Kila mwaka, kaskazi inapoelekea kuisha na masika kukaribia, matrekta ya Kwale, Kilifi na Taita Taveta hufanyishwa kazi mchana na usiku, na kila mwaka wako wateja wanaorudi na swali lile lile: nimebadilisha klachi juzi tu, mbona inalia? Anayeuliza hivyo mara nyingi huwa na jibu lake tayari, nalo ni kwamba fundi amemwibia. Ningependa kueleza bila kuficha kitu sauti hizo hutoka wapi, sisi huzitambua vipi, na kwa nini mara nyingi chanzo chake ni kifaa ambacho mteja mwenyewe alituomba tusikibadilishe.

Wengi husema klachi wakimaanisha kila kilichomo kati ya injini na giaboksi, lakini humo ndani mna vitu kadhaa, na kila kimoja kina kazi yake. Klachi pleti, yaani ile diski yenye lainingi (tabaka la kushikia) pande zote mbili, hubanwa kati ya flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini, na presha pleti, bamba linalobana kwa springi. Ukikanyaga pedali, foku, yaani uma wa chuma uliounganishwa na pedali, husukuma rilizi beringi, beringi hiyo huvigusa vidole vya presha pleti, ambavyo mafundi wengi huviita fingasi, na hapo pleti huachiliwa. Katikati ya flaiwili hukaa beringi nyingine ndogo, pailoti beringi, inayoshikilia ncha ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Pleti yenyewe ni kitu kikimya. Ikichakaa huteleza, na ikilowa oili huteleza au hutetemeka, lakini ni nadra sana kulia, isipokuwa springi zake ziwe zimelegea au fundi awe ameiweka kinyume. Vinavyolia ni beringi, foku na bushi zake (vipete vinavyoshikilia mhimili wake), na ndivyo hivyo ambavyo mteja huviona vidogo na vya kubanwa bei.

Kuifikia klachi ya trekta si sawa na kuifikia ya gari dogo. Gari dogo lina bodi yake, kwa hiyo giaboksi huweza kushushwa peke yake. Matrekta mengi tunayoyahudumia hayana chesisi ya kubeba injini na giaboksi. Hivyo viwili vyenyewe ndivyo uti wa mgongo, na ukitaka kuona klachi huna budi kulipasua trekta katikati. Tunaanza kwa kupiga kabari za mbao juu ya ekseli ya mbele ili nusu ya mbele isilale upande pindi itakapoachana na nusu ya nyuma. Tunafungua mabomba ya dizeli na ya haidroliki, nyaya, viungo vya usukani na vya mafuta, tunaweka stendi, kisha tunairudisha nusu ya nyuma polepole, mtu mmoja akiwa amechuchumaa na tochi kuangalia shafti isije ikaning'inia kwenye pleti. Mafundi wawili na msaidizi hutumia siku nzima kwa kupasua na kusafisha, na siku ya pili kwa kufunga. Ndiyo maana gharama ya kazi ni kubwa, na ndiyo maana ninasikitika mteja anapopunguza bili kwa kuondoa spea ambayo bei yake haifiki hata robo ya gharama hiyo. Wazee wetu walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami sijaona mahali msemo huo unapofaa zaidi ya kwenye trekta lililokwisha kupasuliwa.

Mzee wetu alifanya hivyo hasa. Mwezi ule tulipolipasua trekta lake, tulimwonyesha kwamba pleti imeisha hadi kwenye ribiti, ile misumari inayoshikilia lainingi, tukamshauri tubadilishe pia rilizi beringi, pailoti beringi na oili sili ya nyuma ya krenki, yaani kizuizi cha oili ya injini isivujie kwenye klachi. Rilizi beringi alikubali, na sili pia, kwa kuwa aliona oili kwa macho yake. Pailoti beringi aliishika mkononi, akaizungusha kwa kidole, akasema, "Hii bado inazunguka vizuri, nirudishieni." Tuliandika ushauri wetu na uamuzi wake kwenye kadi ya kazi, naye akatia sahihi. Beringi inayozungushwa kwa kidole haina mzigo na haina moto. Chini ya trekta, injini ikiwa kwenye mizunguko elfu mbili kwa dakika na giaboksi ikiwa imejaa joto, grisi iliyobaki ndani yake huyeyuka na kutoka, na baada ya hapo chuma husaga chuma.

Siku ile ya malalamiko nilimwomba mzee mwenyewe apande kwenye kiti, kwa sababu nilitaka asikie kwa masikio yake wala asitegemee maneno yangu. Breki ya mkono ilivutwa, gia ikawekwa huru, PTO, yaani shafti ya nyuma inayoendesha mashine za shambani, ikazimwa, injini ikaachwa ingurume taratibu. Pedali ikiwa juu, palikuwa kimya. Nikamwambia aiguse pedali kidogo tu kwa ncha ya mguu, mpaka ahisi plei, yaani ile nafasi ambayo pedali hushuka bure bila uzito, imekwisha na beringi imegusa fingasi. Bado kimya, na hapo nikajua rilizi beringi tuliyoiweka ni nzima, kwa maana beringi hiyo huanza kuzunguka pale inapogusa, na kama ni mbovu mlio wake mwembamba hauchelewi. Akakanyaga hadi mwisho, akaingiza gia. Ndipo trekta likalia, mlio mzito wa kukwaruza, kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Akafungua breki, akaachia pedali taratibu, trekta likaanza kusogea, na mlio ukakatika. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa hivyo hivyo.

Maana yake ni hii. Pedali ikiwa juu, flaiwili na shafti ya giaboksi huzunguka pamoja kwa mwendo mmoja, na pailoti beringi iliyo kati yao haifanyi kazi yoyote. Pedali ikikanyagwa na gia ikiwa ndani, shafti husimama ilhali flaiwili inaendelea kuzunguka, na ni wakati huo tu ambapo beringi ile hulazimika kuzunguka. Kelele inayotokea pedali ikiwa chini kabisa, na kupotea pedali inapoachiwa, hutufanya tuishuku pailoti beringi kabla ya kitu kingine chochote.

Tulipasua tena. Beringi ilitoka kavu, rangi ya kahawa, na ukiizungusha inasita kila robo ya mzunguko kama mlango wenye mchanga kwenye bawaba. Vumbi lake jekundu lilikuwa limepaka ncha ya shafti. Pleti tuliyoambiwa ni feki ilikuwa haijaliwa hata kidogo, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka kwenye kitovu chake. Mzee alilipia beringi pamoja na kazi ya kupasua, na najua hakufurahi. Sisi pia hatukufurahi, kwa sababu siku mbili za msimu zilipotea kwake, na jina letu lilikuwa limeshasemwa vibaya njia nzima kutoka Lungalunga hadi Dongo Kundu.

Si kila kelele hutokea pedali ikiwa chini. Ipo inayosikika pedali ikiwa juu na gia ikiwa huru, ambayo hupotea ukikanyaga. Hiyo mara nyingi si ya klachi. Ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi, ambayo huzunguka muda wote klachi ikiwa imeshika na kutulia klachi inapoachia. Mteja huisikia kwa mara ya kwanza baada ya klachi kubadilishwa kwa kuwa kabla ya hapo klachi ya zamani ilikuwa ikipiga kelele zaidi na kuifunika. Kwa matrekta yenye klachi mbili ndani ya moja, yale ambayo nusu ya kwanza ya pedali huachilia giaboksi na nusu ya pili husimamisha PTO, ni lazima fundi asikilize vituo viwili, wala asikimbilie kukanyaga hadi chini.

Tuliwahi kuletewa Massey Ferguson 240 kutoka kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni, likiwa limebadilishiwa klachi mara mbili na mafundi wengine ndani ya miezi minne, na bado linalia. Kelele ilikuwapo pedali ikiwa juu, ilikuwapo pedali ikiwa nusu, na ilikatika pedali ilipofika chini kabisa. Mafundi waliotangulia waliona kwamba inakatika kwa kukanyaga klachi, wakahukumu kwamba ni klachi. Kwenye trekta hilo pampu ya haidroliki iko ndani, huendeshwa na shafti ile ile ya PTO, nayo husimama pale pedali inapofika nusu ya pili. Tuliweka mzigo kwenye mikono ya nyuma, tukainyanyua, na kelele ikabadilika papo hapo, ikawa nzito zaidi. Tulipotoa oili kidogo ilikuwa nyeupe kama tui, maji yameingia. Pampu ndiyo iliyokuwa imekwisha. Mwenye trekta alikuwa amelipia klachi mbili zisizo na hatia. Sisemi hivi kwa kuwadharau wenzangu wa jua kali, ambao wengi wao wana mikono mizuri kuliko yangu, bali kwa sababu saa moja ya kusikiliza ilikosekana, na sisi hutoza saa hiyo ya kusikiliza, jambo ambalo baadhi ya wateja hulilalamikia.

Sasa nifike kwenye njia ya mkato inayoniumiza kuliko zote. Chini au ubavuni mwa nyumba ya klachi ya matrekta mengi kuna kidirisha cha kukagulia, chenye kifuniko cha bolti mbili. Dereva akisikia mlio, mtu humshauri afungue kidirisha hicho amwagie oili au anyunyize grisi ya kopo ili beringi inyamaze. Na kweli hunyamaza, kwa siku mbili au tatu. Lakini fingasi na presha pleti huzunguka kwa kasi ya injini, hurusha oili ile kila upande, na sehemu yake hutua kwenye lainingi. Lainingi iliyolowa haikaushwi kwa petroli wala kwa msasa. Ukiisafisha juu, oili iliyozama hutoka tena ikipata joto. Mteja aliyekuwa na tatizo la beringi moja sasa ana beringi mbovu, pleti inayoteleza, na flaiwili iliyoungua madoa ya buluu. Mwaka jana tulipokea trekta la kukodisha kutoka Kaloleni katika hali hiyo. Kilichohitajika mwanzoni kilikuwa rilizi beringi na kazi ya kupasua. Kilicholipwa mwishoni kilikuwa klachi nzima, kuchonga flaiwili kwenye mashine ya lethi, na kazi ile ile ya kupasua.

Ndugu yake oili hiyo ni kuosha beringi. Rilizi beringi za kisasa zimefungwa pande zote na grisi yake huwekwa kiwandani. Ukiitumbukiza kwenye petroli au dizeli ili ing'ae, unaiyeyusha grisi ambayo huna njia ya kuirudisha. Inatoka safi kama mpya na inalia kabla ya mwezi kuisha. Nikikuta beringi imeoshwa siirudishi, hata mteja anisihi vipi, kwa maana kelele itakapotokea jina litakalotajwa si la aliyeiosha.

Lipo pia suala la mguu. Foku ikiwa na bushi zilizolegea hugongagonga, na dereva hugundua kwamba akiegesha mguu kidogo kwenye pedali sauti inapotea. Basi huuacha mguu pale siku nzima. Rilizi beringi ambayo ilipaswa kuzunguka kwa sekunde chache kila anapobadilisha gia sasa inazunguka kutoka asubuhi hadi jioni. Trekta moja la kubeba mawe kwenye machimbo karibu na Mtwapa lilimaliza beringi mpya kwa miezi miwili. Tulipopima pedali, plei ilikuwa hakuna kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeirekebisha tangu klachi iwekwe. Lainingi inavyolika, plei hupungua, nayo huisha usipoiangalia. Kwenye matrekta mengi ya kawaida pedali inapaswa kushuka milimita 20 hadi 40 kabla ya kuhisi uzito, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha trekta lako. Sisi humwomba kila mteja arudi, au atuite, baada ya saa 20 za mwanzo za kazi ili tupime plei bila malipo. Wanaorudi ni wachache mno.

Nisingekuwa mkweli kama ningesema makosa yote ni ya wateja na madereva. Mafundi tuna sehemu yetu. Kosa kubwa kuliko yote wakati wa kufunga ni kuvuta nusu mbili kwa bolti. Zikibaki inchi mbili na haziendi, maana yake meno ya shafti hayajaingia kwenye kitovu cha pleti, na dawa yake ni kuzungusha flaiwili taratibu hadi yaingie. Mwenye haraka hufunga bolti ndefu na kuvuta kwa spana. Nusu zinakutana, lakini kitovu cha pleti kimepinda, na trekta hutoka karakana likiwa na mtetemo, gia zinakwaruza, na kelele inayofuata mizunguko ya injini. Kosa jingine ni kutopima fingasi. Zinapaswa kuwa na kimo kimoja, na sisi hatukubali zipishane hata nusu milimita. Moja ikiwa juu, beringi hugusa upande mmoja, pedali hutetemeka mguuni, na beringi hulia kabla ya wakati wake. Flaiwili nayo ikichongwa, zile zenye umbo la kikombe lazima zichongwe uso na ukingo kwa kiasi kile kile, la sivyo presha pleti haibani inavyotakiwa. Tumerudisha kazi ya lethi mara kadhaa kwa sababu hiyo.

Na sisi wenyewe tulikosea. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye trekta la shule moja, kijana wetu alipaka grisi nyingi kwenye meno ya shafti akidhani anafanya wema. Inatakiwa ukungu mwembamba tu, unaopakwa na kufutwa. Grisi ile ilirushwa kwenye lainingi, na trekta likawa linaruka na kupiga mlio kila linapoondoka. Tulilipasua tena kwa gharama yetu, tukanunua pleti nyingine kwa pesa yetu, na tangu siku hiyo meno ya shafti hupakwa na fundi mkuu peke yake.

Jambo dogo la kuongeza kwa wateja wa pwani hasa. Chini kabisa ya nyumba ya klachi, matrekta mengi yana tundu lenye pini inayochezacheza. Wengi huliziba kwa bolti wakiogopa tope. Tafadhali msilizibe. Ndipo maji na oili hutokea, na pini ile huchezacheza ili tundu lisizibwe na uchafu. Likizibwa, maji ya mvua na hewa ya chumvi hubaki ndani, na beringi na fingasi hupata kutu. Oili ikidondoka hapo, usiifiche kwa kuziba. Mwonyeshe fundi, kwa sababu inatangaza kwamba sili ya krenki au ya giaboksi imekufa.

Kuhusu bei, tunatoza kazi ya kupasua mara moja, iwe tunabadilisha pleti peke yake au pleti, beringi zote mbili, bushi za foku na sili. Kuongeza vitu hivyo hakuongezi hata saa mbili. Mteja akileta spea zake mwenyewe tunazipokea, lakini tunahesabu meno ya kitovu na kupima kipenyo mbele yake, na dhamana yetu hubaki kwenye kazi ya mikono yetu tu, si kwenye spea hizo. Vyote vya zamani vilivyotolewa hurudishiwa mteja kwenye boksi ili avione.

Ukija na trekta linalolia, tusaidie kwa kutuambia kelele huanza lini: pedali ikiwa juu, ikiguswa tu, ikiwa nusu, au ikiwa chini, injini ikiwa baridi au baada ya saa nzima ya kazi, PTO ikiwa imewashwa au imezimwa. Usimwagie kitu chochote njiani, na ikiwezekana lilete jioni lilale hapa, kwa maana ziko beringi ambazo hulia asubuhi tu kabla injini haijapata moto, na hizo tunataka kuzisikia sisi wenyewe saa moja kasoro, kabla barabara ya Changamwe haijajaa malori.